Herufi moja, tarehe moja, miezi saba: kisa cha faili la mirathi kutoka Rungwe

Faili lenyewe lilikuwa bahasha ya kaki iliyofungwa ndani ya nailoni ya mfuko wa mbolea, maana mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Mama aliyelileta alikuwa amepanda kosta ya alfajiri, akashukia stendi ya Nane Nane jijini Mbeya, akaunga na bajaji hadi Mwanjelwa, ambako nina steshenari yenye kompyuta mbili, mashine ya kopi na benchi la wateja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hapa mnatengeneza majina."

Majina sitengenezi. Natoa kopi, naskani, naprinti, nauza umeme wa LUKU, na zaidi ya nusu ya siku najazia watu fomu za mtandaoni. Lakini nilimwelewa. Alikuwa ametoka kwenye ofisi ambayo imemrudisha kwa kuwa majina ya marehemu mumewe "hayafanani", na mtu aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ndiye aliyemwelekeza kwangu.

Nimekiandika kisa hiki kwa ruhusa yake. Jina lake silitaji, ofisi alizopitia sizitaji, na tarehe nimezisogeza kidogo. Vingine vyote viko kama vilivyo kwenye daftari langu.

Mumewe aliajiriwa kwa miaka mingi, akikatwa michango ya uzeeni kila mwezi. Akaugua, akafariki, akaacha mjane na watoto wanne, wawili wakiwa bado shule. Sheria inasema warithi wana haki ya mafao, na hilo hakuna aliyelibisha hata siku moja. Ubishi ulikuwa juu ya kitu kingine: je, mtu aliyechangia, mtu mwenye kitambulisho cha taifa na mtu aliyezikwa ni mtu mmoja?

Nilizitandaza karatasi zote juu ya kaunta. Kwenye kitambulisho cha taifa jina la kwanza linaishia na "-kisye", likifuatwa na jina la kati na la ukoo. Kwenye taarifa ya michango linaishia na "-kisie", na jina la kati limekuwa herufi moja na nukta. Cheti cha kifo kina majina mawili tu, la kwanza na la ukoo. Aliyeyatoa hospitalini ni shemeji, usiku, akiwa amechanganyikiwa, na nani wa kumlaumu? Cheti cha ndoa, kwa mwandiko wa mchungaji, kina "-kisye". Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwisho nacho kina "-kisye", tena kimeandikwa kwa mkono.

Hicho cha mtoto wa mwisho kina historia yake. Mkoa wa Mbeya ulikuwa wa mbele kabisa, mwaka 2013, katika mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ambapo mzazi hupewa cheti papo hapo bila malipo na taarifa zikatumwa kwa simu. Muuguzi aliyekijaza alikuwa mtu wa hapohapo. Mtu aliyekulia Rungwe huandika "sye" bila kufikiri, kwa sababu ndivyo Kinyakyusa kinavyoandikwa. Karani aliyekulia kwingine husikia "sie", akaandika "sie". Wote wawili wamesikia vizuri.

Kwa mwanadamu, karatasi hizo tano zinamzungumzia mtu mmoja. Mtendaji wa kijiji angekuapia, balozi angekuapia, na jirani angekuonyesha kaburi. Kompyuta haina jirani. Kwake "sye" na "sie" ni watu wawili, na ukiongeza jina la kati lililokatwa unapata watatu.

Sasa tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Safari ya kwanza mama aliambiwa alete kiapo cha majina. Akaenda kwa wakili, akalipa, akaapa kwamba "-kisye" na "-kisie" ni mtu yuleyule. Safari ya pili kiapo kikapokelewa, kisha karani akagundua kwamba hata tarehe ya kuzaliwa inatofautiana: kitambulisho kinasema tarehe 7 mwezi wa 3, taarifa ya michango inasema 03/07. Jina tofauti na tarehe tofauti, karani gani atathubutu kupitisha fedha? Safari ya tatu akaenda kuomba cheti cha kifo kirekebishwe ili kibebe majina matatu. Kikarekebishwa, kwa taabu yake. Lakini barua ya usimamizi wa mirathi ilikwisha kutolewa na mahakama kwa majina mawili ya cheti cha zamani. Kwa hiyo cheti kipya kikawa kinapatana na kitambulisho na kinapingana na barua ya mahakama. Safari ya nne, mahakamani. Ya tano na ya sita ni kurudia yaleyale kwa watu wengine, mara mfumo uko chini, mara mhusika yuko semina.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mama huyu hakuwa na tatizo moja. Alikuwa na kitambaa kifupi: akivuta kufunika kichwa, miguu inabaki nje. Kila ofisi ilitengeneza kipande chake kwa usahihi kabisa, na kila ilipotengeneza ilivunja kipande cha jirani yake, kwa kuwa hakuna ofisi iliyoweza kuona karatasi ya mwenzake isipokuwa kwa kopi iliyopigwa kwangu. Daftari langu linaonyesha kopi 63 na skani 19 kwa faili hilo moja. Mimi nilipata riziki, sikatai.

Ile tarehe ndiyo iliyonikera, nikaikalia jioni moja baada ya kufunga. Nilipitia taarifa ya michango mstari kwa mstari mpaka nikafika palipoandikwa tarehe ya kuanza kazi: 04/15/1996. Mwezi wa 15 haupo. Maana yake mashine iliyotoa karatasi ile inaandika mwezi kwanza, halafu siku, kama Wamarekani. Basi "03/07" haikuwa tarehe 3 mwezi wa 7 hata kidogo. Ilikuwa 7 Machi, sawasawa na kitambulisho. Mama alipoteza safari nzima na wiki tatu kwa tofauti ambayo haikuwepo.

Namba ya kitambulisho cha taifa, namba ya NIDA, imelikwepa shimo hilo tangu mwanzo. Ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Hakuna wa kubishana nayo, awe Mnyakyusa au Mmarekani. Ni kanuni ndogo mno, na inaonyesha kitu ambacho mijadala yetu huruka. Siku hizi neno linalosikika kwenye hotuba ni "mifumo isomane", na Rais Samia Suluhu Hassan amelisisitiza hadharani zaidi ya mara moja. Lakini kuunganisha waya ni jambo moja, kusomana ni jingine. Mashine mbili zinaweza kupelekeana "03/07" usiku kucha kwa kasi ya umeme na zisielewane, kama watu wawili wanaoitikiana "ndaga" ya Kinyakyusa huku mmoja anashukuru na mwenzake anadhani ameitikiwa salamu. Kwanza mkubaliane tarehe inaandikwaje, jina la kati ni lazima au hiari, na kipi ndicho kinachomtambulisha mtu: jina lake au namba yake.

Katika kisa hikihiki kulikuwa na sehemu moja iliyokwenda kama maji ya mteremko. Ada ya kurekebisha cheti. Mama alipewa kontrol namba, ile namba ya kulipia serikali, kwenye kikaratasi. Laini yake ya simu ni ya mtandao mmoja, uwakala wangu ni wa mtandao mwingine, na akaunti ya serikali ilikopokelewa fedha iko benki ambayo wala hatuijui. Dakika mbili, ujumbe umeingia, imelipwa. Hakuna aliyemwuliza jina lake linaishia na "sye" au "sie".

Hali haikuwa hivyo siku zote. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na wenzake walipofuata, kila mtandao ulikuwa kisiwa. Watu wa Mwanjelwa tulitembea na laini tatu mfukoni, na mawakala tulikuwa na simu za kujaza beseni. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakakubaliana fedha zipite moja kwa moja kati yao, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kulifanya hilo. Kisha 2017 ukaanza mfumo wa malipo ya serikali wa GePG, uliotuletea hizo kontrol namba zinazolipika benki yoyote na mtandao wowote. Hata LUKU ninayouza imesimama juu ya makubaliano ya aina hiyo. Zile tarakimu 20 za LUKU zinafuata kanuni moja ya kimataifa, ndiyo maana mita za viwanda tofauti zote zinazielewa. Kanuni hiyo huhesabu dakika kuanzia 1 Januari 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa ijae tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo sababu mwaka ule wateja walipewa mafungu matatu ya namba badala ya moja, nami nikawa mwalimu wa mtaa mzima wa kubonyeza mita. Wengi walinuna. Lakini fikiria kama kila kiwanda cha mita kingekuwa na hesabu yake na siku yake ya kujaa.

Kwa nini basi fedha zinapita na majina yanakwama? Sidhani ni ugumu wa teknolojia. Kusafirisha shilingi kati ya makampuni yanayoshindana ni kazi ngumu kuliko kuulizana kama fulani amefariki. Mimi naona sababu ni kwamba shilingi inayopotea ina mwenyewe. Hazina inaiona, kampuni inaiona, mkaguzi anaiandikia hoja. Siku ya mama wa Rungwe inayopotea haiingii kwenye kitabu cha mtu yeyote. Nauli yake hailipwi na ofisi iliyomrudisha. Shamba lake la migomba lisilopaliliwa siku hiyo haliko kwenye ripoti ya robo mwaka. Ofisi inayoomba kopi haigharimiki chochote kwa kuomba kopi, basi itaendelea kuomba.

Sisi wa Mbeya tuna mfano wa jambo hili, mkubwa kama treni. Reli ya TAZARA inayopita hapa Iyunga ina upana wa milimita 1,067, sawa na ya Zambia na nchi za kusini. Reli ya Kati ya zamani ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67, upana wa vidole vinne hivi vya mkono wangu. Kwa sababu ya vidole hivyo vinne, behewa haliwezi kutoka njia moja kuingia nyingine, na pale Kidatu zinapokutana mzigo hauna budi kushushwa huku na kupakiwa kule. Na sasa tuna reli ya kisasa, SGR, ya milimita 1,435, upana wa tatu ndani ya nchi moja. Kila reli ilijengwa na watu wenye akili zao, kwa sababu zao, kwa wakati wao. Hakuna aliyekosea kipimo. Hawakupima pamoja tu.

Steshenari yangu ni Kidatu. Karatasi inashuka kutoka mfumo mmoja, naiprinti, inapigwa mhuri, naiskani, naipandisha kwenye mfumo mwingine. Taarifa zilizokuwa tarakimu safi ndani ya kompyuta zinageuka picha ya karatasi iliyokunjika, na kompyuta ya upande wa pili haiwezi hata kuisoma. Inasomwa na karani anayeichapa upya, na katika kuichapa upya "sye" inazaa "sie" nyingine. Nenda popote penye ofisi za serikali, Njombe, Makambako, Mafinga, utakuta safu ya steshenari zimejipanga mkabala na geti. Sisi ndio waya.

Waya huu una hatari ambayo watu hawaizungumzii. Siku niliyokuwa natafuta skani za mama huyu nilifungua folda ya vitu vilivyoshushwa kwenye kompyuta yangu, nikapigwa na butwaa. Vitambulisho vya taifa, vyeti vya ndoa, taarifa za benki, matokeo ya hospitali, vya mamia ya watu, vya miaka mitatu. Kijana yeyote niliyewahi kumwajiri angeweza kuondoka navyo kwenye flashi. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na watu wanaogopa, kwa haki kabisa, kwamba mifumo ikisomana serikali itajua mengi mno kuhusu mtu. Sawa, woga huo ninao hata mimi. Ila mifumo isiposomana siri za watu hazibaki salama, zinabaki kwangu. Nilifuta usiku ule, na sasa kila Ijumaa nafuta. Huo ni uamuzi wangu, hajanilazimisha mtu.

Jambo jingine linalonifanya nisite ni hili. Tuseme mifumo yote ingekuwa imeunganishwa siku ile shemeji alipotoa majina mawili hospitalini. Kosa lingefika benki, mahakamani na kwenye mfuko wa pensheni kabla marehemu hajazikwa, na lingefika likiwa na sura ya ukweli. Anayeunganisha lazima ajibu pia swali la nani mwenye neno la mwisho juu ya jina, na mwananchi akiona limekosewa anarekebisha wapi, mara moja, marekebisho yakafika kote. Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ina mfumo wa kubadilishana taarifa kati ya taasisi, GovESB. Njia ipo. Lakini njia haimwambii dereva nani apishe.

Kwamba inawezekana, sihitaji kwenda mbali kuonyesha. Mita ishirini kutoka mlangoni kwangu kuna kijana anauza laini za simu chini ya mwavuli. Tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, mteja anataja namba ya NIDA, anaweka kidole, na kabla hajamaliza kuuliza bei ya kifurushi majibu yamerudi. Kijana hatunzi kopi. Hamwombi mtu kiapo. Mama alipomwona akifanya vile alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo kununua laini ni rahisi kuliko kuwa mjane." Nikamwambia tofauti ni kwamba marehemu hawezi kuweka kidole. Jibu langu lilikuwa la kweli, na halikutosha.

Maana hata marehemu ana namba. Hapo ndipo faili lilipofunguka, mwezi wa saba. Katika safari yake ya mwisho mama alikwenda na barua niliyomwandikia, ukurasa mmoja, yenye mambo mawili: ile 04/15 kuthibitisha mpangilio wa tarehe, na ombi kwamba wamtafute marehemu kwa namba ya NIDA badala ya jina. Alimkuta dada mmoja kijana aliyekuwa ameshikia dirisha la mwenzake. Dada akasoma, akachapa zile tarakimu 20, na rekodi ikatokea. Moja tu, hakuna ya pili. Mwajiri alikuwa ameijaza namba hiyo miaka michache nyuma, waajiri walipotakiwa kuhuisha taarifa za wafanyakazi wao. Ilikuwa imelala mle ndani miezi yote saba.

Fomu ya madai ya warithi, ile ya karatasi, haikuwa na kisanduku cha namba ya NIDA ya marehemu. Iliuliza majina matatu na tarehe ya kuzaliwa. Makarani wote waliotangulia walitafuta kwa kile ambacho fomu iliwapa. Kwa hiyo ufunguo ulikuwepo kwenye mfumo, na ulikuwepo kwenye pochi ya mama, kwenye kitambulisho cha mumewe alichokuwa akikibeba kila safari, na kati yao palikosekana mstari mmoja kwenye karatasi. Sijui fomu ile ilichorwa lini. Nimeipiga kopi mara nyingi kiasi kwamba mistari yake imeanza kupinda.

Mafao yalilipwa wiki chache baadaye. Sikuuliza kiasi.

Alirudi Januari, safari hii na mtoto wa tatu, binti anayeanza kidato cha kwanza, tumjazie fomu za shule. Nilipofika kwenye jina la baba nikasimamisha mkono. Mama akavuta stuli, akakaa ubavuni pangu, akavaa miwani na kuniita herufi moja moja. S. Y. E. Akanifanya nikuze maandishi kwenye skrini, akasoma tena kwa kidole, halafu akaomba nitoe kopi mbili.